Maganda Yetu, Udongo Wetu: Maneno kwa Vijana wa Kindu

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika lakini mvua kwenye bati ilikuwa inasema kwa nguvu kuliko sisi.



Tunajua wengi wenu mulifikiri leo tutazungumza juu ya stima, juu ya barabara, ao juu ya mishahara ya walimu. Maneno hayo hatujayaacha na hatutayaacha. Lakini leo tumekuja kuzungumza juu ya maganda ya muhogo. Musicheke kwanza. Mutacheka kisha, kama bado munataka.

Angalieni mto wetu. Kila asubuhi mitumbwi inavuka kutoka Alunguli kuja upande wa soko, imejaa muhogo, ndizi, sombe, mahindi, mawese. Jioni mitumbwi ile inarudi na watu, sabuni, chumvi, labda bati mbili. Muhogo umebaki huku. Tumekula nyama yake, na ganda lake tumelitupa kwenye mufereji, nyuma ya nyumba, ao kwenye maji. Sasa mutuambie: lile ganda lilitoka wapi? Lilitoka kwenye udongo. Yale majani ya sombe yaliyobaki chini sokoni saa kumi na mbili jioni, nayo yametoka kwenye udongo. Kila siku udongo wa Maniema unavuka mto, na haurudi. Mwaka kisha mwaka. Halafu mulimaji anatuambia shamba lake limechoka, muhogo unakuwa mdogo, anapaswa kwenda mbali zaidi, akate musitu mwingine, achome, alime. Mama anatembea kilometa nyingi zaidi na kitunga mgongoni. Na sisi hapa mujini tunakanyaga ule udongo wake, umeoza, umechanganyika na sashe, na tunauita takataka.

Njo jambo lenyewe la leo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita takataka katika Kindu ni chakula cha udongo. Kinakuwa uchafu siku ile tunapokichanganya na sashe, chupa na mabetri. Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko kuzoa. Kazi ya kwanza ni kutochanganya.

Tusiseme kwa kukadiria. Benki ya Dunia ilitoa ripoti kubwa juu ya takataka katika mwaka 2018. Ilionyesha kwamba katika nchi zenye mapato ya chini, kama yetu, zaidi ya nusu ya takataka za muji ni mabaki ya chakula na majani. Zaidi ya nusu! Katika nchi za matajiri ni karibu sehemu moja juu ya tatu, kwa sababu wale wananunua vitu vilivyofungwa katika karatasi na plastiki. Sisi tunanunua muhogo na ganda lake, ndizi na mkungu wake, mahindi na majani yake. Angalieni pubele yenu ya leo asubuhi. Ondoeni maganda, ondoeni majani, ondoeni majivu ya makala. Kinabaki nini? Sashe kadhaa na chupa moja. Hiyo njo takataka ya kweli, na inaingia katika kofia.

Waliotutangulia wametufundisha nini

Wengine watasema: tungojeni mradi mukubwa, wazungu watakuja na makamio. Ndugu zetu, makamio yalishakuja. Yalikuja Kinshasa. Umoja wa Ulaya ulilipia mradi ulioitwa PARAU: vituo vya kukusanyia takataka katika komini mbalimbali, makamio ya kubeba, na mahali pa kuzikia kule Mpasa. Mwaka 2015 feza ya mradi ikaisha. Takataka zikarudi barabarani. Hatusemi mradi ule ulikuwa mubaya. Tunasema kamio bila feza ya mazuti ni chuma kimesimama. Kitu kinachoishi kwa feza ya mugeni kinakufa siku mugeni anaporudi kwao.

Tuvuke mupaka, twende Uganda. Pale shirika la Leta la mazingira, NEMA, pamoja na Benki ya Dunia, lilijenga viwanda vya kutengeneza mbolea ya takataka katika miji ya katikati: Jinja, Mbale, Fort Portal, Kabale, Kasese, Lira na mingine. Wazo lilikuwa zuri sana. Miji ile inafanana na Kindu kuliko Kampala. Lakini takataka zilifika kiwandani zikiwa zimechanganyika, na watu wakapaswa kuchambua plastiki na chupa kwa mikono. Sasa wewe mulimaji, nani atanunua mbolea yenye vipande vya chupa ndani, aiweke kwa shamba ambalo mutoto wake anatembea bila viatu? Munaona tena: kila kitu kinarudi kwa neno moja, kutochanganya. Na kutochanganya hakufanyiki kiwandani. Kunafanyika jikoni, mukononi mwa yule anayemenya muhogo.

Na muji usipotenga, kunatokea nini? Kampala ilikuwa na jalala linaloitwa Kiteezi, lilifunguliwa mwaka 1996. Kila kitu kilipelekwa pale: maganda, majani, plastiki, vyote juu ya vyote, mpaka ukawa mulima. Tarehe 10 Agosti 2024, kisha mvua kubwa, mulima ule ulianguka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa, wamezikwa na takataka za muji wao. Addis Ababa, katika Machi 2017, jalala la Koshe lilianguka hivyo hivyo na kuua zaidi ya watu 100. Chakula kikizikwa bila hewa kinaoza vibaya: kinatoa gesi inayowaka moto, kinatoa maji meusi, kinalegeza mulima wote. Chakula kilekile, kikiwa na hewa, kinakuwa udongo. Sisi wa Kindu bado tuko na bahati ya kuchagua. Tusianzishe mulima kama ule.

Kuna pia walioanza kwa udogo. Dar es Salaam, katika kata ya Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio lilifanya kazi pamoja na wakaaji. Wakusanyaji wenyewe wako katika ushirika wao. Wanapita nyumba kwa nyumba, takataka zikiwa zimetengwa. Zile za kuoza zinakuwa mbolea, na zile za kuuzwa zinauzwa. Hakuna mashine ya kushangaza. Kuna watu, mikokoteni, mahali pa kufanyia kazi, na nyumba zinazokubali kutenga. Na Kenya, sheria yao ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inadai takataka za kuoza zitengwe na zisizooza, kuanzia pale zinapotoka. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Ni mambo ya majirani zetu, wanaosema Swahili kama sisi.

Namna ya kufanya lundo

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tunasema polepole, wenye kalamu waandike, wenye simu wapige picha ya ubao.

Kwanza, ndani ya nyumba. Ndoo mbili, ao basini mbili, hata zile zilizopasuka. Moja ya kuoza, ingine ya kutokuoza. Ya kuoza: maganda ya muhogo, ya ndizi, ya viazi, majani ya sombe yaliyozeeka, matembele, lengalenga, maganda ya maharagi, mabua ya mahindi, mabaki ya bukari. Ya kutokuoza: sashe, chupa, makopo, vitambaa vya nailoni. Mabetri ya tochi na ya rajo yawekwe pembeni kabisa, mbali na watoto, kwa sababu ni sumu. Nyama, mifupa na vichwa vya samaki tusitie katika lundo: vinaita panya, mbwa na nzi, na jirani atakuja kutugombeza, na atakuwa na haki.

Pili, tusisahau mbuzi. Tunajua maganda mengi katika avenyu zetu yanaliwa na mbuzi, na hiyo ni vizuri. Hatukuja kunyanganya mbuzi chakula chao. Utaratibu wetu ni huu: chakula kinachofaa kwanza kwa mutu, kisha kwa munyama, na kile ambacho mutu na mbuzi wamekikataa, njo kinaenda kwa lundo. Na mavi ya mbuzi yenyewe yanaingia ndani ya lundo, na yanasaidia sana.

Tatu, mahali. Chagueni pahali penye kivuli, pa juu kidogo, maji ya mvua yasisimame. Mbali na kisima na mbali na chanzo cha maji. Munajua wenyewe namna kipindupindu kinavyotembea katika muji wa mto kama wetu. Hatutaki lundo letu lichafue maji ya mutu.

Nne, kupanga. Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha karibu meta moja. Likiwa dogo zaidi, halipati moto. Chini kabisa wekeni vijiti na mabua ili hewa ipite. Kisha tabaka za vitu vikavu na tabaka za vitu vibichi, moja juu ya ingine. Vikavu: majani yaliyokauka, mabua, unga wa mbao kutoka kwa maseremala, maganda ya mpunga kutoka kwa mashini. Vibichi: maganda, mboga, majani ya sokoni, mavi ya mbuzi. Kwa ndoo moja ya vibichi, wekeni mbili za vikavu, ao zaidi kidogo. Vibichi peke yake vinanuka. Vikavu peke yake vinalala, havifanyi kitu. Vikiwa pamoja vinafanya kazi. Majivu ya makala, mukono moja tu kwa tabaka, si ndoo nzima.

Tano, maji. Kamateni kiganja kimoja cha lundo, kamueni kwa nguvu. Yakitoka matone moja ao mawili, ni sawa. Yakitiririka, ongezeni vikavu. Kisipotoka kitu na mukono ukabaki mukavu, nyunyizieni maji. Hapa kwetu mvua njo adui kuliko jua. Funikeni lundo kwa bashi ya zamani ao majani mengi ya ndizi, ao jengeni kipaa kidogo. Katika Juni na Julai, mvua ikipunguka, njo wakati wa kuangalia kama halikauki.

Sita, moto. Lundo likipangwa vizuri, siku chache tu ndani yake panakuwa na joto. Linafika nyuzi 55, hata kupita. Hakuna mutu aliyeleta kiberiti. Ni vidudu vidogo sana, macho hayavioni, vinakula na vinapumua. Joto lile, likikaa siku kadhaa, linaua mbegu za magugu na vidudu vingi vya ugonjwa. Hatuna kipimo? Ingizeni fimbo ya chuma katikati, ngojeni dakika chache, itoeni, mushike. Ikiunguza mukono, lundo linafanya kazi. Kisha wiki mbili ao tatu, geuzeni: cha nje kiende ndani, cha ndani kije nje. Mufanye hivyo mara kadhaa.

Kisha miezi mitatu ao zaidi kidogo, lundo limepunguka hata kufika nusu, ni leusi, na linanusa kama musitu kisha mvua. Hilo njo neno la kukumbuka. Likinusa kama musitu, liko tayari. Likinuka kama mufereji, halina hewa: geuzeni na ongezeni vikavu. Na wale wanaouliza juu ya sumu ya muhogo mukali: ile sumu iko ndani ya ganda, ndiyo, lakini katika kuoza inavunjika. Lundo linafanya kazi ile ile ambayo mama zetu wanafanya wakiloweka muhogo.

Nani atalimia?

Hapa njo moyo wa mambo, kwa sababu lundo lisilo na mulimaji ni takataka iliyopangwa vizuri.

Udongo wetu ni mwekundu, mvua inauosha, na chakula cha mimea kinashuka chini pahali mizizi haifiki. Mbolea ya duka? Tuiangalie njia yetu. Reli kutoka kusini, tunaijua. Barabara ya Bukavu, tunaijua. Ndege, tunajua bei ya kilo moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa katika Januari 2025, kila mutu hapa alielewa maana ya kutegemea vitu vya mbali. Saki moja ya mbolea inayopita njia zile zote, ikifika Kindu, iko na bei ya kutisha. Lakini maganda hayapandi ndege. Yapo tayari hapa, kila asubuhi, bure.

Komposti haiko dawa ya miujiza. Haina nguvu ya haraka kama mbolea ya saki. Lakini inashika maji, inashika chakula cha mimea kisioshwe na mvua, na mwaka kisha mwaka udongo unakuwa mulaini. Kwa bustani ya lengalenga, ya ngai-ngai, ya bilinganya, ya tomati, hiyo njo inayohitajika. Tunaposema bustani, tunawaza wamama wanaolima kando ya mto na kando ya mitaro, katika kipande kidogo kama sebule. Hao njo wa kwanza. Tuwape komposti ya kwanza bila feza, walime nusu ya kitanda na komposti, nusu ingine bila. Wao wenyewe wataona, na wao wenyewe watawaambia wengine. Neno la mama mulimaji linauza kuliko mabango yetu yote.

Na ndiyo, tunataka mitumbwi irudi Alunguli na komposti siku moja. Lakini kubeba ni gali. Kwa hiyo tuwe na malundo pande zote mbili za mto, karibu na soko na karibu na mashamba, ili mbolea isitembee mbali.

Wanaotucheka na wanaotuuliza

Tujibu sasa maneno ambayo tunasikia.

Neno la kwanza: "Nyinyi musomi na lisansi yenu, munaokota maganda?" Hili linatuuma, tusifiche. Wazazi wetu waliuza shamba, mbuzi, nguo za harusi, ili tulipe minerval. Walitaka kutuona nyuma ya meza. Wengi wetu tumemaliza UNIKI na masomo mengine ya juu, na tunakaa chini ya muembe tukingoja tangazo la kazi ambalo, likitoka, lina jina la mutu tayari. Mama akituona na ndoo ya maganda, roho yake inashuka. Sisi tunamwambia hivi, kwa heshima yote: mama, tulisoma kemia, tulisoma kilimo, tulisoma sheria, tulisoma uchumi. Kupanga lundo lipate nyuzi 55 ni kemia. Kukubaliana na nyumba 40 juu ya mchango ni uchumi. Kumuuliza bugumesta juu ya usafi na sheria mukononi, hiyo ni sheria. Diploma yetu haijachafuka. Iko kazini kwa mara ya kwanza.

Neno la pili ni kali zaidi, na linatoka kwa wapiganaji wenzetu: "Tukifanya kazi ya Leta, Leta italala. Tutakuwa tumeisamehe deni lake." Tumelizungumza neno hili usiku mwingi, na hatutalipuuza. Tunakumbuka salongo ya zamani za Mobutu: raia wanafagia, wakubwa wanapita na gari na kuwapungia mukono. Hatutaki salongo ya namna ile. Hatutaki kupigwa picha na fagio halafu tuambiwe aksanti, endeleeni.

Kwa hiyo tunatofautisha. Kuna sehemu ambayo ni yetu, na Leta haiwezi kuifanya hata ikitaka: kutenga ndani ya jiko letu. Hakuna gavana atakayekuja kutenga maganda yako. Na kuna sehemu ambayo ni ya Leta, na hatutaifanya kwa pahali pake: kusafisha soko, kuchimbua mitaro mikubwa, kubeba sashe na mabetri mbali na watu, kuzuia vitu ambavyo sheria imekwisha kukataza. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki katika nchi yote. Nendeni sokoni sasa hivi, mununue chumvi ya faranga kidogo, muone itafungwa ndani ya nini. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na inaongeza kwamba yuko pia na wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu katika kifungu kimoja. Sisi tunashika yote mawili, mukono wa kuume na mukono wa kushoto. Tukifanya sehemu yetu vizuri, tunanyanganya Leta ile sababu yake ya kila siku: "Raia ni wachafu."

Neno la tatu: "Munatafuta feza." Tunajibu wazi: wanaobeba wanapaswa kulipwa. Kijana anayesukuma pusupusu ya maganda saa kumi na moja asubuhi anafanya kazi, na kazi haiishi kwa kupigiwa makofi. Kujitolea kunaanzisha kitu, hakukilishi. Kwa hiyo kila avenyu ikae, ikubaliane juu ya mchango mudogo wa mwezi, unaowezekana kwa mujane na kwa mwenye duka. Atakayeshindwa feza atoe vikavu, ao atoe siku moja ya kugeuza lundo. Kitabu cha hesabu kiwe wazi, kisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, na mushika feza asiwe ndugu wa shefu wala ndugu yetu. Sisi tunaodai wakubwa waonyeshe hesabu, tuonyeshe yetu kwanza.

Tunachoomba na tunachodai

Kwa avenyu zetu tunaomba: nyumba kumi tu kwa kuanza. Si muji muzima, si komini nzima. Nyumba kumi zinazokubali ndoo mbili. Kumi zikisimama vizuri, ya kumi na moja itakuja kuuliza.

Kwa wamama wa soko tunaomba: jioni, mbele ya kufunga meza, mabaki ya mboga yawekwe katika saki yake, sashe katika ingine. Vijana watapita kuchukua. Wamama, musifanye kazi hiyo bure kwa ajili yetu: mwenye kutupa saki zake anapata komposti yake mbele ya wengine, kwa shamba lake ao la mukwe wake.

Kwa wenye resto na wenye kupika kwenye barabara: maganda yenu ya asubuhi ni mengi kuliko ya nyumba kumi. Tupigieni simu, tutakuja na ndoo.

Kwa wakubwa wa muji na wa komini tatu, hapa hatuombi, tunadai. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komini inaweka usafi na masoko kati ya kazi zao. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja: kipande cha ardhi kilichoandikwa kwenye karatasi, kimoja kwa kila komini, kwa ajili ya malundo, ili kesho kisiuzwe kwa mutu na jumba lake. Mbili: wenye kukusanya taksi ya soko wabandike mbele ya soko hesabu ya kila mwezi, waonyeshe ni kiasi gani kinarudi katika usafi wa soko lenyewe. Mama anayelipa kila siku ana haki ya kusoma. Tatu: dekreti ya sashe ifuatwe, ikianza kwa wale wanaoingiza kwa makartoni, si kwa mama anayeuza chumvi. Ni rahisi kumupiga mama faini. Tunataka kuona kama wataweza kwa mwenye depo.

Tutapeleka maneno haya kwa barua, tutachukua karatasi iliyopigwa muhuri ya kupokea, na tutaibandika hapa ili kila mutu ahesabu siku.

Ndugu na dada, hatuwadanganye. Komposti haitaleta stima. Haitarudisha amani katika Kivu, haitalipa mishahara ya walimu. Miezi mitatu ya kwanza hakutakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa lundo lililofunikwa na majani ya ndizi, na watoto wanaouliza kuna nini ndani. Wengine kati yetu watachoka mwezi wa pili. Njo maana tunaanza kidogo, kumi kumi, ili tusichoke wote siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini fikirini jambo moja. Tumezoea kudai vitu ambavyo viko mikononi mwa watu wengine: Kinshasa, wakubwa, wageni. Na tunapaswa kuendelea kuvidai. Lakini hiki kimoja kiko mukononi mwetu leo jioni, kabla ya kulala, bila ruhusa ya mutu yeyote. Ukimenya muhogo leo, mukono wako unachagua: mufereji ao ndoo.

Posho ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, kila avenyu iliyojiandikisha ianze. Kuleni ndoo mbili kwa kila nyumba, beleshi moja kwa kila nyumba kumi, na saki za vikavu kutoka kwa seremala wa karibu. Timu ya Alunguli itaanza upande wake siku ile ile, ili tusikie habari kutoka pande zote mbili. Mashefu wa avenyu, tunawaomba muje musimamie pamoja nasi. Wenye mashaka, mukuje pia. Tunapenda watu wanaouliza, basi mulete maswali, na mulete maganda.

Udongo umevuka mto miaka mingi bila kurudi. Tuanze kuurudisha.